Onyesho la muziki wa kuchekesha kwa familia nzima: mwongozo kwa bendi za Tabora

Hapa Tabora tarumbeta tumezizoea kanisani, harusini na kwenye gwaride. Mtoto anaziona zikipita, anazikimbilia hadi kona ya mtaa, basi. Mara chache sana anakalishwa chini, yeye na mama yake na bibi yake, wakapigiwa muziki uliopangwa ili wote watatu wacheke mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa bendi ya kanisa, ya shule au ya mtaa, yenye watu kati ya wanane na kumi na watano, inayotaka kuandaa onyesho la namna hiyo, la dakika hamsini hivi, jioni ya Jumamosi.

Niseme mapema msimamo wangu, maana kila hatua hapa chini inautegemea. Muziki wa kuchekesha unataka umakini kuliko hata wa mazishi. Noti ikikosewa kwenye wimbo wa kawaida, inapita. Ikikosewa kwenye kichekesho, msikilizaji hajui kama amechekeshwa au ameletewa bendi mbovu. Na mpigaji akitangulia kucheka yeye, hadhira haina kazi tena. Nyuso kavu, shingo zimenyooka, kama mnapigia mgeni wa serikali.

Hatua ya 1: Pangeni vyombo mlivyonavyo

Msisubiri okestra. Violini nne na obo hamtazipata, na hamzihitaji. Tabora ni makao ya jimbo la Moravian la Magharibi, na Wamoravian wamepuliza shaba ibadani kwa vizazi, kwa hiyo mtu wa tromboni au tuba haazimwi kutoka mbali. Kinachotosha ni hiki: tarumbeta mbili au tatu, tromboni moja, saksafoni au klarineti moja, tuba (au gitaa la besi kama tuba haipo), ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, manyanga, na kinanda cha umeme cha kujazia sauti za nyuzi. Mtu mwenye filimbi ya kawaida ni wa thamani kubwa kuliko anavyodhani.

Chagueni ufunguo mmoja kwa nyimbo karibu zote, nao uwe Bb. Tarumbeta nyingi ni za Bb, kwa hiyo mpigaji wake anaisoma kama C. Mwenye saksafoni ya alto anaisoma kama G. Mpiga gitaa afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kijumba cha tatu, apige maumbo ya G, asilalamike. Wanaosoma sol-fa wao hawana shida, do ni do, ila lazima wote wapewe do ileile kabla ya kuanza. Yaandikeni haya kwenye karatasi moja na kila mtu awe na nakala. Nusu ya mazoezi ya bendi zetu huishia kwenye kubishana nani yuko ufunguo gani.

Hatua ya 2: Jifunzeni kichekesho cha sauti kinavyojengwa

Hapa ndipo penye kazi, tusipite haraka.

Mwaka 1792, mjini London, mtunzi Joseph Haydn aliwapigia watu simfonia yake ya 94. Sehemu ya pili inaanza na kijiwimbo chepesi mno, ambacho mtoto angeweza kukitunga: mizani minane (mafungu manane ya mapigo), kwa sauti ndogo. Kinarudiwa kwa sauti ndogo zaidi, nyuzi zikidonolewa kwa vidole badala ya kusuguliwa kwa uta. Msikilizaji ameshajua kinakoelekea, ameshalegea kitini. Kwenye mzani wa kumi na sita okestra nzima inapiga mshindo mmoja, ngoma zikiwemo. Kisha kijiwimbo kinaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Tazameni alichofanya. Ameweka kanuni. Ameirudia ili watu waiamini. Ameipunguza sauti ili masikio yasogee karibu. Halafu ameivunja, mara moja tu. Bendi zetu zikisikia watu wamecheka, hupiga mshindo uleule mara tano mfululizo, na kufikia wa tatu hata mtoto wa miaka minne ameshaziba masikio na anatazama embe juu ya mti.

Njia ya pili ni kumpa mtu mzigo usio wake. Mfaransa Camille Saint-Saëns, mwaka 1886, alitunga mfululizo wa vipande kuhusu wanyama. Kobe alimpa wimbo wa dansi ya mbio unaojulikana sana, lakini ukapigwa taratibu kabisa, kama unaburutwa. Tembo akapewa besi kubwa ya nyuzi, ikapiga nyimbo zilizokusudiwa vyombo vyepesi. Kazi hiyo aliizuia isichapwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja cha bata maji. Aliogopa itamharibia heshima ya mtunzi wa mambo mazito. Ikachapwa 1922, baada ya yeye kufa. Nawatajia hili kwa sababu kwenye kila bendi kuna mzee mmoja atakayesema mambo haya yanashusha hadhi ya tarumbeta. Mpeni yeye tuba.

Kwetu, njia hiyo ni rahisi kuliko ya Haydn. Chukueni wimbo wa kuruka kamba unaoimbwa mtaani kwenu, mpeni mtu wa tuba aupige kwa nusu ya mwendo, bila mapambo, kwa heshima zote. Watoto wataujua kwenye noti ya nne au ya tano. Msiwatangazie mapema. Raha yote iko kwenye kule kutambua wenyewe.

Ya tatu ni ala kuongea, na hii inahitaji kifaa kimoja cha dukani: kile kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki. Nunueni kipya, tafadhali. Ng'oeni mti wake, mpiga tarumbeta akishike kwa mkono wa kushoto mbele ya mdomo wa chombo, afunike na kufunua. Sauti inakuwa ya mtu. Sasa tarumbeta imsalimie babu. *Shi-ka-moo*: so, so, kisha do ya juu iliyo ndefu, ikiteleza kidogo kushuka, na kikombe kinafunuliwa hapo kwenye do. Tuba ijibu bila haraka, *ma-ra-haa-ba*: do, do, mi ndefu, do. Kazi kubwa iko kwenye kuvuta silabi ileile inayovutwa mdomoni. Mkiivuta isiyo yake, hakuna atakayeelewa. Ikikaa sawasawa, hamtahitaji mshereheshaji kueleza chochote: tarumbeta ya pili, ambayo ni mtoto mtundu, itapita bila kusalimia, tuba itakohoa noti moja nzito, na kila mama uwanjani atamgeukia mwanawe.

Hatua ya 3: Pangeni mtiririko

Dakika hamsini, bila mapumziko. Mkiweka mapumziko, watoto watatawanyika na hamtawapata tena.

Anzeni kwa kuingia mkitembea, mkipiga machi, yaani muziki wa gwaride. Babu zetu walikuwa na mchezo huu: ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara na askari na makarani, ilikuwa ni bendi ya kijeshi iliyogeuzwa kuwa mashindano na dhihaka, chama cha Marini upande huu na cha Arinoti upande ule, na vyeo vya kujipachika. Gaweni bendi yenu pande mbili hivyohivyo, waingie kutoka milango miwili, kila upande ukidai machi ni yake. Wakutane katikati. Mwisho wapatane kwenye noti moja, ishikwe muda mrefu kuliko inavyofaa.

Baada ya hapo zije salamu za tarumbeta na tuba, kisha kijiwimbo chenye mshindo. Halafu hadithi ya Sungura na Fisi, nitaieleza. Baada ya hadithi wekeni wimbo mmoja wa taratibu na wa kweli kabisa, usio na kichekesho chochote, saksafoni na kinanda tu, dakika tatu. Bila huo, nusu ya pili itachosha. Hapo wakumbukeni wazee: hadhira ya Tabora ina watu waliocheza dansi enzi za bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, na gitaa la solo likiingia kwa mtindo ule, bila kunakili wimbo wa mtu, mtaona mabega yanavyoanza. Ikija chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, waacheni wasimame. Mwisho kabisa ni treni.

Hatua ya 4: Hadithi yenye ala

Mrusi Sergei Prokofiev alitunga mwaka 1936 hadithi ya okestra ambamo kila mhusika ana ala yake, na kabla hadithi haijaanza wasikilizaji wanaonjeshwa ala hizo moja moja. Huo utaratibu wa kuonjesha ndio wa kuiga. Hadithi yenyewe tunazo za kwetu.

Sungura apewe klarineti au filimbi, noti fupifupi zinazoruka. Tembo ni tuba. Kobe ni ngoma ndogo inayopigwa ukingoni kwa kijiti kimoja, mpigo mmoja kila baada ya kimya kirefu. Fisi ndiye nyota: tromboni, kwa mwendo wa kuchechemea, noti moja ndefu na moja fupi, ndefu na fupi, na kila mwisho wa sentensi mkono unateleza chini. Mwacheni mpigaji akaisikilize sauti ya fisi kwanza, ile inayoanza chini na kupanda ghafla. Inapigika karibu kama ilivyo.

Msimulizi aanze na *Paukwa*, na asiendelee mpaka *Pakawa* irudi kwa nguvu. Amtambulishe kila mnyama, ala ipige, aulize "Huyu nani?" Hapo tu ndipo hadithi ianze. Kosa linaloua kipande hiki ni msimulizi anayeeleza kila kitu: "Sasa Fisi anakuja akichechemea." Akishasema hivyo, tromboni imebaki kupamba. Aseme, "Kichakani kukasikika..." anyamaze. Tromboni iseme. Watoto watajaza wenyewe kwa kelele, na msimulizi asubiri kelele zipungue. Mtafuteni bibi au mwalimu wa chekechea kwa kazi hii. Washereheshaji wa harusi wana sauti nzuri ila kimya kinawatia hofu.

Hatua ya 5: Treni ya Kigoma

Hiki ni kipande cha kufungia na kinahitaji mazoezi kuliko vingine vyote kwa jumla. Reli imefika Kigoma tangu 1914, na hakuna familia hapa isiyo na kisa cha treni, kwa hiyo nusu ya kazi mmeshafanyiwa.

Vifaa: vipande viwili vya mbao vya ukubwa wa kiganja, vimegandishwa msasa upande mmoja, visuguliwe pamoja. (Mmarekani Leroy Anderson aliupa msasa kipande kizima cha okestra mwaka 1954, msidhani ni ufukara.) Manyanga kwa ajili ya magurudumu. Filimbi ya refa kwa mkuu wa stesheni. Tarumbeta mbili na saksafoni kwa honi, noti tatu kwa pamoja.

Mwendo usiongezwe kidogo kidogo. Mkifanya hivyo mpiga ngoma atakimbia na bendi itamfukuza. Uongezwe kwa ngazi. Tumieni programu ya metronomu (kihesabu mapigo) kwenye simu: mizani minane kwa mipigo 60 kwa dakika, minane kwa 72, minane kwa 88, halafu 104, halafu 120. Kila ngazi izoeleke peke yake kwa siku nzima kabla ya kuziunganisha. Msikilizaji atasikia treni inashika kasi, nyinyi mtajua mnapanda ngazi tano.

Wimbo wa treni uwe mfupi, wa mizani minane, unaoimbika. Sasa stesheni.

Usoke, treni inasimama. Kusimama ni hivi: tromboni inateleza kutoka juu hadi chini, toazi moja linakwaruzwa kwa kijiti, ngoma kubwa inapiga mara mbili, kimya. Upande wa kushoto wa hadhira, ambao mmeufundisha mwanzoni, unauza: "Karanga! Karanga!" Filimbi, honi, twende.

Urambo, tunasimama vilevile kabisa, upande wa kulia unauza asali. (Ndiyo, Urambo ni tumbaku. Msiwafanye watoto waiuze.) Hapo kanuni imeshawekwa na imerudiwa, mnakumbuka yule mzee wa London.

Kaliua ndipo reli inagawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mpanda. Bendi inapita bila kusimama, inaelekea kulia. Mpiga tromboni, macho yamefumba, anaelekea kushoto. Anapiga wimbo uleule, kwa mwendo uleule, lakini nusu sauti chini: kila nafasi ya mkono anaisogeza moja mbele, basi, mradi wimbo hautumii nafasi ya saba, iliyo ya mwisho. Inaumiza masikio vizuri kabisa. Mtoto anacheka kwa sababu yule baba amepotea. Bibi anacheka kwa sababu yupo mtu katika ukoo wake aliyewahi kuamkia Mpanda. Ndicho kinachofanya onyesho liwe la familia, kichekesho kimoja chenye milango miwili. Watoto wataanza kumwita. Asisikie. Asisikie tena. Akifumbua macho, anyamaze katikati ya noti, atazame huku na huku, kisha akimbie kuzunguka nyuma ya hadhira na kuiwahi bendi Nguruka akiwa anahema. Kuhema huko kuwe kwa kweli, kwa hiyo uwanja uwe mkubwa na mpigaji awe kijana.

Uvinza, pande zote mbili zinauza chumvi kwa zamu, haraka haraka, bendi ikiwasindikiza kwa noti mbili. Na Kigoma ndio mwisho wa reli. Punguzeni ngazi zilezile mlizopanda.

Hatua ya 6: Mahali, saa na masikio

Chini ya miembe panafaa kuliko ukumbini. Ukumbi wa bati na tarumbeta tatu ni adhabu. Chagueni kiangazi, Juni hadi Septemba, saa kumi na nusu jioni. Mapema kuliko hapo shaba iliyokaa juani inapanda sauti na hamtapatana na kinanda. Viwekeni vyombo kivulini mpaka dakika ya mwisho, kisha mpulize hewa ya joto ndani kabla ya kulinganisha sauti. Upepo wa miezi hiyo hupeperusha karatasi: vibanio vya nguo, viwili kwa kila karatasi.

Mikeka ya watoto mbele, benchi katikati, viti vyenye egemeo kwa wazee pembeni kwenye kivuli cha uhakika. Kati ya mikeka na bendi acheni hatua kumi, na midomo ya tarumbeta ielekezwe juu ya vichwa, kamwe isielekezwe usoni. Spika zisikae karibu na mikeka. Kwa ule mshindo wa ghafla, ngoma kubwa ipigwe kwa mchi wenye kichwa cha kitambaa. Mshtuko unatokana na kimya kilichotangulia, hauhitaji nguvu zote za mpigaji. Wenye watoto wachanga waambiwe wakati wa kukaa kwamba upande wa nyuma una utulivu zaidi.

Ruhusa: anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri na serikali ya mtaa, wiki kadhaa kabla, na taarifa ifike polisi. Kuhusu hakimiliki, sheria yetu ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Haydn alifariki 1809, yuko huru kwa kila mtu. Wimbo wa bendi inayopigwa redioni leo si huru. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au tungeni wa kwenu.

Hatua ya 7: Mazoezi mbele ya watu wasiowajua

Wiki sita zinatosha kwa bendi inayokutana mara mbili kwa wiki. Nne za kwanza ni za noti tu, bila kituko hata kimoja. Mtu asiyeupiga wimbo wa treni akiwa ameketi hataupiga akikimbia. Wiki ya tano ongezeni miendo. Ya sita waiteni watoto wa jirani, kumi hivi, muwapigie kila kitu. Mmoja wenu asipige; akae pembeni na karatasi, aandike walipocheka, walipogeuka kuangalia kwingine, na walipouliza "imeisha?" Msibishane na karatasi hiyo. Kipande kilichowachekesha nyinyi mazoezini na wao wakakaa kimya, kitoeni.

Kumaliza

Treni ikishafika Kigoma, abiria washuke. Mwaka 1772 wanamuziki wa Haydn walikuwa wamezuiwa na mwajiri wao kwenye jumba la mashambani, mbali na familia zao. Akawatungia simfonia ambayo mwishoni wanaondoka mmoja mmoja hadi wanabaki violini wawili, na mwajiri akaelewa. Fanyeni hivyo: kila mpigaji amalize kipande chake, achukue begi lake (liwe begi la safari kweli, na mmoja awe na kuku wa kuazima), aage kwa kichwa, aondoke. Abaki wa tuba na wa manyanga. Wa tuba apige *ma-ra-haa-ba* yake mara ya mwisho, ainuke, na manyanga yakatike.

Rudini wote kuinama mara moja tu. Kama mliwagawia watoto makopo ya kokoto na vizibo kwa ajili ya magurudumu ya treni, na mligawa wakati wa treni, si kabla, basi yakusanyeni hapo hapo kabla hawajafika getini. Wazazi watawashukuru zaidi kwa hilo kuliko kwa muziki.